Kuitafuta Nyumba ya Wazee Wetu: Sensa, Madaftari na Kumbukumbu za Majirani

Kamati ya kitabu hiki ilipoanza kazi, jambo moja liliombwa na washirika wengi kuliko mengine yote: itajwe nyumba ambamo wazee wetu walikutana kwa ibada kabla hekalu hili halijajengwa. Ombi lilikuwa la haki. Hekalu lina jiwe la msingi, lina orodha ya waliochangia, na lina picha za siku ya ufunguzi. Lakini kabla ya hayo yote palikuwa na chumba katika jiji hili la Dar es Salaam, ambamo taa iliwashwa kila jioni mbele ya picha ya mungu, na watu wachache waliimba bhajan kisha wakarudi madukani kwao. Ilipendekezwa kuwa katika maadhimisho haya liwekwe bamba ukutani, lenye jina la nyumba hiyo na la mwenyewe.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Familia tatu miongoni mwetu, zote za heshima na zote za zamani, zilikuja kwetu kila moja ikisema kuwa ibada ya kwanza ilifanyika katika nyumba ya babu yao. Hakuna aliyesema uongo. Kila familia ilipokea habari hizo kutoka kwa wazee wake, na mzee haulizwi ushahidi na mjukuu. Hata hivyo bamba ni kitu cha kudumu, na jina likichongwa juu yake halifutiki kwa urahisi. Tukaona ni wajibu wetu kutafuta kabla ya kuchonga.

Sensa yahesabu watu, haihesabu kuta

Wengi walituelekeza kwenye sensa. Walidhani kwamba serikali iliyohesabu watu mara kwa mara tangu wakati wa Waingereza lazima iwe na daftari mahali fulani linaloonyesha nani alilala wapi. Nasi tulianzia hapo, na ni vyema tueleze tulichokuta, kwa kuwa yeyote atakayetafuta nyumba ya wazee wake atapita njia ileile.

Tanganyika chini ya Waingereza ilihesabu wakazi wasio Waafrika mwaka 1921, kisha mwaka 1931, kisha mwaka 1948. Vitabu vilivyochapishwa baada ya hesabu hizo ni majedwali. Vinasema ni Wahindi wangapi, ni Wagoa wangapi, ni wanaume wangapi na wanawake wangapi. Havisemi ni nani aliyekaa katika nyumba gani. Anayefungua vitabu hivyo akitumaini kukutana na jina la babu yake atakutana na tarakimu tu, na ndani ya tarakimu moja babu yake amesimama pamoja na maelfu ya wengine.

Lakini tarakimu nazo zina la kusema kwa anayezisikiliza kwa makini. Mwaka 1921 Wahindi na Wagoa wa Tanganyika walikuwa 10,209. Miaka kumi baadaye walikuwa 25,144. Jamii yetu iliongezeka mara mbili na nusu kati ya sensa hizo mbili. Mwaka 1948 walifika 46,254. Tukiyaweka maneno ya wazee kando ya tarakimu hizi, jambo moja linaeleweka mara moja: chumba kilichowatosha watu wa mwaka 1922 hakikuweza kuwatosha watu wa mwaka 1930. Jamii inayokua kwa kasi hiyo huhama kutoka nyumba moja hadi nyingine. Hapo tukaanza kushuku kwamba swali letu la awali, yaani nyumba ilikuwa ipi, huenda lilipaswa kuulizwa kwa wingi.

Nyumba moja, hesabu mbili

Sensa ilitufundisha jambo la pili, ambalo hatukulitafuta. Katika miaka ile ya 1921 na 1931, Waafrika hawakuhesabiwa pamoja na wengine. Wasio wenyeji walihesabiwa mtu mmoja mmoja kwa karatasi za hesabu. Wenyeji walihesabiwa kwa njia nyingine, kupitia machifu na majumbe na kwa kutazama malipo ya kodi. Hata mwaka 1948, sensa ilipofanywa kwa utaratibu bora zaidi katika Afrika Mashariki yote, wasio Waafrika walihesabiwa mwezi wa Februari na Waafrika mwezi wa Agosti. Mwaka 1957 ilikuwa vivyo hivyo. Tulisubiri hadi Agosti 1967, katika sensa ya kwanza baada ya Uhuru, ndipo watu wote wa nchi, 12,313,469, wakahesabiwa katika sensa moja.

Tufikirie maana yake kwa nyumba ya kawaida ya Uhindini. Chini kuna duka, nyuma kuna ua na jiko, juu wanalala wenye duka. Mlangoni analala mlinzi. Uani yupo mpishi, na pengine mshonaji anayefanya kazi barazani na kulala hapohapo. Mwezi wa Februari karani wa sensa anaandika waliolala juu. Miezi sita baadaye karani mwingine anaandika waliolala chini. Hakuna daftari hata moja ambamo nyumba hiyo imeandikwa nzima. Watu waliokula kutoka jiko moja walitenganishwa na karatasi.

Kwa hiyo anayetaka kuijenga upya nyumba hiyo kwa kutumia sensa peke yake atapata nusu ya nyumba. Tulilizingatia hili, na ndilo lililotupeleka baadaye kwa majirani.

Majina yasiyotulia

Kikwazo kingine ni majina. Wazee wetu wengi waliandikwa kwa jina lao likifuatwa na jina la baba, kama ilivyo desturi ya Wagujarati. Karani Mzungu alilichukua jina la baba akalifanya jina la ukoo. Mtoto wa mtu huyo, alipoandikwa, akafuatwa na jina la baba yake mwenyewe, na kwenye daftari baba na mwana wakaonekana watu wa koo mbili. Wengine waliandikwa kwa kazi yao: Soni kwa mfua dhahabu, Darji kwa mshonaji, Suthar au Mistri kwa seremala. Wengine walibeba jina la kijiji walichotoka. Ndugu wawili waliofika kwa jahazi moja waliweza kuishia katika herufi mbili tofauti za orodha.

Tunawashauri wanaotafuta wasishikilie namna moja ya kuandika jina. Waandike kwanza kwenye karatasi jina la mzee, la baba yake, la kijiji na la kazi, kisha watafute yote manne.

Kiwanja kilichobeba neno la Kijerumani

Kutoka kwenye sensa tulihamia kwenye kumbukumbu za ardhi. Hizi hazihesabu watu, bali viwanja, na kwa mtafuta nyumba ndizo zenye faida kubwa zaidi. Wajerumani walipima viwanja vya Dar es Salaam na kuviandika katika daftari lao la ardhi. Neno walilotumia kwa kila eneo la upimaji, Flur, limebaki katika hati za viwanja vya katikati ya jiji hata baada ya Waingereza, na hata baada ya Uhuru. Mwenye kuona katika hati ya zamani namba ya kiwanja ikifuatwa na Flur na namba nyingine ajue kwamba ameshika uzi unaofika hadi kabla ya mwaka 1916, mwaka ambao majeshi ya Waingereza yaliingia mjini.

Uzi huo unahitaji uangalifu. Majina ya mitaa yamebadilika. Barabara ambayo leo ni Samora ilikuwa na jina la Kijerumani lililotaja miti ya mikakaya, kisha ikawa Acacia Avenue, kisha Independence Avenue. Mzee aliyesimulia nyumba kwa jina la mtaa wa zamani hakukosea. Mtaa ndio uliobadili jina. Namba ya kiwanja hudumu zaidi kuliko jina la mtaa, na hiyo ndiyo ya kufuata.

Wenye viwanja nao walibadilika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mali za Wajerumani zilitwaliwa na kuuzwa, na Wahindi wengi walinunua. Mji wenyewe uligawanywa katika kanda tatu, mgawanyo uliopangwa na Wajerumani mwaka 1914 na kuendelezwa na Waingereza: Uzunguni, Uhindini, na upande wa pili wa Mnazi Mmoja, Kariakoo na Ilala kwa ajili ya Waafrika. Hata hivyo kanda hazikuwa kuta. Wahindi wenye maduka waliishi Kariakoo, na katika Uhindini palikuwa na viwanja vya Waarabu na vya watu wa Pwani.

Kile ambacho chopda zilieleza

Jibu la swali letu lilikuwa limefungwa kwa kitambaa chekundu katika kabati la hekalu lenyewe. Kila Diwali tunafanya chopda pujan, tukivibariki vitabu vipya vya hesabu, na vya zamani huwekwa kando. Vitabu vya zamani kabisa vya jamii yetu havikutupwa. Vimeandikwa kwa Kigujarati cha mkono wa haraka wa kidukani, na washirika waliobaki wanaoweza kuusoma mwandiko huo ni wachache na umri wao ni mkubwa. Watatu kati yao walikaa nasi Jumamosi kadhaa, wakisoma mstari baada ya mstari.

Miaka katika chopda ni ya Vikram Samvat. Mwaka huo huanza baada ya Diwali, kwa hiyo anayeugeuza kuwa mwaka wa kawaida hutoa 57 kwa miezi kati ya Diwali na mwisho wa Desemba, na 56 kwa miezi inayobaki. Bila kujua hesabu hiyo ndogo mtu huweza kuisogeza nyumba kwa mwaka mzima.

Katika vitabu hivyo imo kodi ya chumba cha ibada, mwezi kwa mwezi. Inaanza Samvat 1980, yaani kuanzia mwishoni mwa mwaka 1923. Inaonekana kwa jina moja hadi Samvat 1984. Kisha jina linabadilika na kodi inapanda. Baada ya miaka minne hivi linabadilika tena na kodi inapanda tena, mpaka gharama za ujenzi wa hekalu zinapoanza kuandikwa.

Nyumba zilikuwa tatu. Kila familia ilikumbuka nyumba ambayo wazee wake waliijua kwa macho yao, na ugomvi wetu ulitokana na kuzilaza kumbukumbu tatu za miaka mitatu tofauti juu ya kiwanja kimoja. Familia mbili zilikuwa na haki kabisa kuhusu nyumba ya pili na ya tatu. Familia ya tatu ilikumbuka vizuri nyumba ya kwanza, kwa kuwa babu yao ndiye aliyekuwa akipeleka kodi kila mwezi na kuishi katika chumba cha jirani. Alikuwa mpangaji.

Tulipoichukua namba ya kiwanja na kuifuata katika kumbukumbu za ardhi, tulikuta kwamba mwenye nyumba ya kwanza alikuwa Muislamu wa Pwani. Jina lake tunalo. Hatulichapi hapa kabla ya kuzungumza na jamaa zake kwa adabu inayostahili, lakini jambo lenyewe hatuwezi kulificha: paa la kwanza lililofunika ibada yetu katika jiji hili lilikuwa la jirani asiye wa dini yetu, naye alijua chumba chake kinatumika kwa nini.

Na sasa tuitazame tena sensa. Nyumba hii ilitumika kuanzia mwishoni mwa 1923 hadi 1928. Sensa ya wasio wenyeji ilifanywa mwaka 1921 na haikurudiwa hadi mwaka 1931. Nyumba yetu ya kwanza iliingia katikati ya hesabu hizo mbili. Hata kama karatasi zote za sensa zingekuwa mezani petu, ibada ile isingeonekana ndani yake.

Kumbukumbu za majirani

Palibaki jambo la umbo la nyumba. Familia moja ilikuwa na picha ya jengo la ghorofa lenye baraza ya mbao, na wote tuliamini kuwa ndiyo nyumba ya kwanza. Bi mkubwa mmoja wa Kariakoo, ambaye marehemu baba yake alikuwa fundi mwashi, alitusaidia. Tulimwamkia, tukamwonyesha picha, naye akasema bila kusita kuwa ghorofa ile aliipandisha baba yake. Alikuwa akiwaonyesha watoto wake kila walipopita mtaa ule. Kabla ya hapo, alisema, nyumba ilikuwa ya chini tu, ya mawe na chokaa, na kisima uani.

Maneno yake yalikubaliana na chopda, kwani kodi iliyolipwa ni ya chumba kimoja cha chini. Mafundi wa Pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na kuezeka dari kwa boriti za mikoko. Boriti haziwi ndefu, kwa hiyo vyumba vya nyumba hizo huwa vyembamba, takriban mita tatu kwa upana, hata vikiwa virefu. Katika chumba kama hicho wazee wetu walikaa kwa safu, magoti kwa magoti. Sasa tunaelewa kwa nini walihama.

Fundi yule hakuandikwa kwa jina katika sensa yoyote tuliyoiona, wala katika hati ya kiwanja. Amebaki katika kauli ya binti yake peke yake. Tunajiuliza ni mafundi, wapishi na walinzi wangapi wa nyumba zetu wamebaki hivyo, na ni wangapi ambao binti zao hatukuwahi kuwauliza.

Nyumba zilivyotoweka

Nyumba ya kwanza haipo tena. Ilipita mikononi mwa wenyewe kadhaa, ikabomolewa, na pale ilipokuwa pamesimama jengo refu. Majengo mengi ya wazee wetu yalipotea kwa namna nyingine, na vijana wanapaswa kuijua. Kwa sheria ya mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Familia nyingi ziliondoka nchini katika miaka hiyo. Nyingine zilibaki zikiwa wapangaji katika nyumba zilizojengwa na babu zao. Mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa mtafiti, neno ambalo bado husikika mitaani, nyumba ya Msajili, ni alama ya njia: linaonyesha kwamba jengo hilo liliorodheshwa, na kilichoorodheshwa kinaweza kutafutwa.

Kwa wanaotaka kuvuka bahari

Baadhi ya washirika wametuuliza kuhusu nyumba zilizotangulia, zile za Kutch na Kathiawar. Kule nako sensa hutoa picha ya umma tu. Kutch ilikuwa na watu 558,415 mwaka 1891, na 488,022 mwaka 1901. Kati ya hapo ilipita njaa ya Samvat 1956, ambayo bibi zetu waliiita Chhappaniyo. Tarakimu hizo mbili zinaeleza kwa nini milango mingi ilifungwa na majahazi ya Mandvi yakajaa. Kuta zenyewe nyingi zilianguka katika tetemeko la tarehe 26 Januari 2001. Kwa majina ya watu, mahali pa kuuliza ni kwa Barot wa ukoo, anayetunza kitabu cha vizazi, na kwa makuhani wa Haridwar ambao huandika ujio wa kila familia. Vitabu hivyo havihesabu umma. Vinamwandika baba, mwana na kijiji chao.

Maazimio na ombi

Kamati imekubaliana, na familia zote tatu zimeridhia, kwamba bamba litataja nyumba tatu kwa mpangilio wa miaka yake. Nyumba ya kwanza itatajwa kwa mwenyewe, jamaa zake wakikubali. Litakuwepo pia jina la fundi mwashi, ambalo binti yake ametupa kwa moyo mkunjufu.

Tunawaomba washirika wasitupe chopda za zamani, hata zilizoliwa na mchwa, na wasizipeleke nje ya nchi kabla hazijasomwa. Wasomaji wa mwandiko ule ni watatu tu tunaowafahamu, na wamekubali kuwafundisha vijana wanne kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa hekalu. Nafasi mbili bado ziko wazi.

Na kwenu majirani zetu wa Kisutu, Kariakoo, Upanga na kwingineko: kama mzee wenu alijenga, alipika, alishona au alilinda katika nyumba yoyote ya jamii yetu, tunaomba mje mtueleze. Daftari limefunguliwa ofisini, na safari hii kila nyumba itakuwa na ukurasa mmoja, kwa wote waliolala ndani yake.